Kikohozi cha Upande wa Pili

Alipanda ngazi zetu za River Road
mwaka wa mvua nyingi, viatu mkononi,
gitaa limefungwa kwa taulo la hoteli.
Akauliza kwa Kiswahili cha kitabu:
"Je, hapa ndipo mnapouza ukimya?"
Musyimi, fundi wa mitambo, akamjibu:
"Hapa tunakodisha saa. Ukimya ulete mwenyewe."

Basil Trewin. Kwao, alisema, walimjua watu mia mbili,
na mia moja kati yao walikuwa wakimdai.
Alikuwa na santuri nne, zote zimekataliwa na redio:
moja ya vyura, moja juu ya shangazi yake
aliyeolewa na mnara wa saa.
Ya nne haikuwa na mashairi, ila orodha ya bei
za samaki mwaka aliozaliwa.

Mimi nilikuwa karani wa risiti, Nduku wa Mutisya,
miaka kumi na tisa, kifua kibovu kwa vumbi la Kariobangi.
Kazi yangu: kuandika saa ya kuingia na ya kutoka,
na kuzima feni taa nyekundu ikiwaka.

Siku hiyo mvua ilishuka juu ya mabati
kama mtu amemwaga gunia la njugu mawe.
Musyimi akainua mkono, tusimame.
"Mwache," Basil akasema,
akiitia mvua katika ngeli ya watu,
"naye amelipa."

Akaimba kuhusu balbu iliyoogopa giza,
sauti nyembamba, uzi unaotafuta tundu la sindano.
Wimbo wa tatu, upande wa pili,
kwenye ule ubeti ambapo balbu inamwomba nondo msamaha,
kifua changu kikanisaliti.
Nilikohoa mara mbili. Nikaziba mdomo kwa kitabu cha risiti.
Musyimi alinitazama kama aliyeona nyoka kwenye ugali.
Basil akanyamaza kidogo, akangoja,
kama mtu anayempisha mgeni mlangoni,
kisha akaendelea.
Hakukubali turudie.

Zikachapwa santuri mia tatu. Zikanunuliwa thelathini na moja,
tisa kati ya hizo na yeye mwenyewe, kwa majina tofauti.
Aliondoka bila kuaga, akatuachia deni na mwavuli.
Maboksi yakahamia kwangu Dagoretti
badala ya mshahara wa miezi miwili.
Santuri haziliwi.
Nilifunika nazo mitungi. Nilizitundika katikati ya sukuma wiki
zizunguke ziwatishe ndege,
na ndege, nakuapia, walizoea,
wakawa wanakuja kujitazama.

Mwaka jana akaja kijana kutoka Leeds,
kofia ya sufu na jua linawaka,
glavu nyeupe kama za daktari wa meno.
Alihesabu zilizobaki: sita, moja ina tundu la msumari.
Akataja bei. Nikamwomba arudie.
Nikawaza mitungi. Nikawaza ndege.

Basil, aliniambia, alifia katika chumba juu ya duka la rangi,
akitunga wimbo kwa kinanda kilichobaki na meno saba.
Sasa wapo watu wanaokutana kila Novemba kumsikiliza,
na wimbo wa tatu ukifika taa huzimwa,
wote hukohoa, mara mbili, pamoja.
"Tumebishana miaka mingi," akasema.
"Wengine hudai ni mtambo. Wengine, ni mzaha wake mwenyewe."

Nilikwenda kuzima jiko, chai ilikuwa inamwagika.
Niliporudi alikuwa bado amesimama,
santuri yenye msumari kifuani, kama mtoto wa mtu.

"Ni mimi," nikasema.

Hakuniamini. Alitaka kusikia.
Na kifua hiki, walichokitibu Mbagathi
mwaka wa themanini na nane kikapona kabisa,
kikakataa kutoa hata mlio.